Goti la Mama Saba

Kwanza tulimalize hili la jina, maana wageni hulikosea kila siku. Mama Saba hakuzaa watoto saba. Alizaa mmoja tu, wa kike, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akishindana michezo saba ndani ya siku mbili: siku ya kwanza kuruka viunzi, kuruka juu, kutupa tufe na mbio za mita mia mbili, na kesho yake kuruka mbali, kurusha mkuki, halafu anamalizia na mita mia nane, saa ambayo mtu mwenye akili zake angekuwa amelala chali anaomba maji. Mtaa ukamwita binti Saba, na mama yake, fundi cherehani wa nyumba ya kona, akawa Mama Saba. Mteja mgeni akiuliza hao wengine sita wako wapi, Mama Saba humjibu kwamba wametumwa dukani, na kazi inaendelea.

Jumatano moja asubuhi nesi wa zahanati aliingia kwenye chumba cha kushonea na kumkuta Mama Saba amebana pini tatu midomoni, sketi ya shule iko chini ya sindano. Nesi akaeleza kwamba zahanati inapakwa rangi na harufu inawatoa watu machozi, na Jumamosi saa tisa kuna mazungumzo ya watu wa mtaa kuhusu afya ya akili. Wanatafuta mahali penye nafasi. Mama Saba, ambaye nyumba yake ikikosa wageni siku mbili hudhani ametengwa, akaitikia kwa kichwa kabla ya nesi kufika mwisho wa maneno yake. Meza ya kukatia itasukumwa ukutani, vyerehani vitafunikwa, viti vitaazimwa kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Watu hamsini wanaingia bila kukanyagana. Ndipo akazitoa pini mdomoni akauliza mzungumzaji ni nani.

"Si ni binti yako," nesi akasema. "Hajakwambia? Nilimpigia jana, akanijibu atakuja, ila kwanza niongee na wewe."

Mguu wa Mama Saba ukakanyaga kibao cha cherehani wenyewe, sindano ikakimbia, na mfuko wa sketi ya mtoto wa watu ukashonwa mdomo ukaziba kabisa.

Sasa, ili ujue kwa nini fundi aliyeshona miaka thelathini azibe mfuko wa sketi, ni lazima usikie habari za lile goti.

Miaka minne nyuma Saba alifika kwenye mashindano makubwa kuliko yote aliyowahi kushiriki. Siku ya pili, jioni, chumba hikihiki kilijaa watu mpaka wengine wakakaa juu ya marobota ya vitambaa. Televisheni ilipandishwa juu ya meza ya kukatia. Baada ya michezo sita Saba alikuwa anaongoza. Hesabu zote alikuwa nazo fundi viatu, amezikokotoa kwa kalamu ya risasi kwenye mfuniko wa boksi la viatu: mtoto akimaliza hizo mita mia nane hata akiwa wa tano, ubingwa ni wake. Bi Redio, jirani wa ukuta mmoja, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alikuwa ameshaanza kupanga sherehe, nani atapika na nani asialikwe.

Wasichana wakajipanga. Bastola ikalia. Wote wakaondoka isipokuwa mmoja.

Saba alibaki kwenye mstari, mikono imening'inia, anatazama mbele kama mtu anayesubiri basi. Hakuanguka, hakushika mguu, hakukunja uso. Alisimama tu. Chumba kizima kilinyamaza, Bi Redio naye akanyamaza, na katika ukimya ule Mama Saba akasikia watu wanavuta pumzi ili waulize. Akawahi.

"Goti," akasema.

Kisha akainuka, akazima televisheni, akadai kichwa kinamgonga. Watu wakatoka mmoja mmoja, wengine na vikombe vyake mikononi.

Neno moja hilo, lakini lilivyozaa! Saba aliporudi nyumbani alijifungia chumba cha nyuma wiki tisa, pazia limeshushwa, hali mpaka abembelezwe, hajibu mpaka aulizwe mara tatu. Huku mbele mama yake alikuwa akitoa taarifa za goti kama msemaji wa hospitali. Jumatatu limevimba, Alhamisi limepungua, wiki ijayo wataliangalia kwa mashine. Kila aliyefika alibeba kopo la dawa ya kuchua. Bi Redio peke yake alileta makopo sita, na kila alipoleta alitaka aingie amchue mgonjwa kwa mikono yake, naye hakuwa mtu wa kuzuiwa mlangoni. Mama Saba ikabidi amnong'oneze mwanawe kwamba akitoka kwenda dukani achechemee kidogo. Saba, ambaye hata kuinua kikombe kulimchosha, akachechemea. Mchezo wa nane ule, na huo hakuwa na kocha. Alikwenda dukani akichechemea mguu wa kushoto akarudi akichechemea wa kulia, na wala si kosa lake, maana mama mtu alimwambia Bi Redio ni la kushoto na fundi viatu ni la kulia.

Halafu zikaja Alhamisi. Kila Alhamisi asubuhi mama na binti walipanda basi kwenda kwa daktari wa hospitali kuu, yule aliyewapa jina la kitu chenyewe, sonona, akaandika dawa na kumkalisha Saba kwenye kiti cha bluu kuongea saa nzima. Mtaani Mama Saba alisema wanakwenda kununua kitambaa. Sasa huwezi kwenda kununua kitambaa kila wiki ukarudi mikono mitupu. Karibu na hospitali lilikuwepo duka moja tu la vitambaa, na duka hilo lilikuwa na aina moja tu ya maana, pamba yenye mistari ya bluu. Wiki arobaini na nane za mistari ya bluu. Ilibidi ishonwe, ikashonwa magauni, mashati, mapazia, foronya. Mgeni akipita mtaani angedhani ni sare ya chama.

Saba akapona. Si kwa siku moja, na mwenyewe husema hata sasa zipo asubuhi anazozisukuma kwa bega. Lakini alirudi akacheka, akala, akasomea kazi ya kusikiliza watu, na kwa mwaka wa pili sasa alikuwa akizunguka kwenye shule, kwenye magereji, maofisini, akisimama mbele ya watu na kuwaambia yaliyompata. Redioni wamemwita mara mbili. Kote huko alisema, ila hakuwahi kusema kwenye mtaa wake, na sababu ilikuwa goti.

Ijumaa mchana akafika, begi begani, akambusu mama yake, akavuta kigoda na kuanza kushona vifungo bila kuombwa. Wakaenda hivyo shati moja zima. Mama Saba ndiye aliyeanza, akauliza hiyo kesho anakusudia kusema nini.

"Yangu nitasema yote, Mama. Ila goti ni lako. Wewe ndiye uliyelizaa. Sitaligusa mpaka uniruhusu."

"Na usipoligusa utasemaje?"

"Nitazunguka."

"Utazunguka vipi na watu wote wanakuangalia mguu?"

"Basi nitaongea nimekaa."

Mama Saba akataka kukasirika, kicheko kikamtoka. Kisha akaacha kucheka. Akasema wataniita mwongo, mwanangu. Akasema watu walitoa dawa zao ndani ya nyumba zao, dawa za mifupa yao wenyewe, wakaja kuchua mguu mzima. Saba akamkumbusha kwamba walichua miguu miwili. Mama mtu hakucheka tena. Hofu yake haikuwa ndogo. Mume alikwishafariki zamani, na tangu hapo alichokuwa nacho duniani ni mtoto huyu na chumba hiki chenye watu. Akisema kweli, alihofia chumba kitakuwa kitupu. Asiposema, mwanawe ataendelea kuchechemea kila anapokuja nyumbani, maana Saba mpaka leo, akikata kona ya duka, mguu hulegea wenyewe kwa mazoea. Mama Saba aliuona kutoka dirishani saa ileile alipofika. Mtu mzima, mzima wa afya, anachechemea kumfuata mama yake.

Jumamosi asubuhi alipiga moyo konde akaenda kwa Bi Redio, akikusudia kulimaliza kimyakimya, mtu na shoga yake. Bi Redio alikuwa anafua uani na akaanza yeye. Alizungumzia rangi ya zahanati, mchumba wa nesi, na mgongo wa mume wake, dereva wa lori, ambao sasa ulikuwa na mwaka na nusu haumruhusu kukaa nyuma ya usukani. Dereva mwenyewe alikuwa kwenye kiti mlangoni, anatazama ukuta. Mama Saba alitafuta mwanya wa kuingiza neno kama mtu anayetafuta mwanya wa kuvuka barabara kuu, akakosa, akarudi kwake na beseni aliloazimwa bila kuliomba.

Saa tisa chumba kilijaa. Fundi viatu alileta viti kumi na vinne, na mguu mmoja wa kimoja ulikuwa umegongelewa kisigino cha kiatu ili kisiyumbe. Nesi akakaa mbele. Bi Redio akakaa karibu na mlango, ili aone nani anachelewa, na dereva mume wake pembeni yake. Mama Saba alisimama nyuma kwenye meza ya pasi, akatazama migongo ya watu, na karibu kila mgongo ulikuwa na mistari ya bluu.

Saba hakukaa. Alisimama, miguu yake miwili sambamba, akaanza kwa utani. Aliwaambia yeye si daktari, hivyo asionyeshwe jipu la mtu. Aliwaeleza kwamba kocha alikuwa na daftari, na kila asubuhi mwanariadha aliandika humo uzito wake, mapigo ya moyo wake, saa alizolala, hata rangi ya mkojo. Watu wakacheka. Akasema katika safu zote zile hakukuwa na moja ya kuandika kwamba leo nimelia bafuni bomba likiwa wazi ili wenzangu wasisikie. Hapo hawakucheka. Akasema miezi minane alikuwa anavunja rekodi zake huku anaona kama anayeruka ni mtu mwingine na yeye anamshikia koti.

Akafika kwenye siku ile, kwenye mstari ule. Kwenye magereji na shuleni, hapa ndipo husema kwamba miguu ilikuwa mizima kabisa, ila hakukuwa na mtu ndani wa kuiambia iende. Mama Saba aliijua sentensi hiyo, aliwahi kuisikia redioni akiwa amefunga mlango. Akaona macho ya mwanawe yanapita juu ya vichwa vya watu, yanamfikia pale kwenye pasi, na kuondoka. Hakuisema. Alizunguka, kama alivyoahidi.

Badala yake alitoa mfukoni saa ya kupimia mbio.

"Wenzangu walikimbia dakika mbili na sekunde kumi na nne," akasema. "Mimi nilisimama muda huohuo. Naomba tukae kimya pamoja, muone ulivyo mrefu."

Akabonyeza.

Ni mrefu. Jaribu siku moja. Sekunde ishirini za kwanza watu walitabasamu. Baadaye wakaanza kutazama viatu vyao. Pasi ilitoa mlio mdogo wa kupoa. Mama Saba alimtazama mwanawe amesimama mbele, mikono imening'inia, vilevile kama kwenye televisheni, na akatambua kwamba siku ile yeye hakuvumilia hata nusu ya muda huu. Alizima. Mtoto alibaki amesimama kule peke yake, mama akabonyeza kitufe.

Dakika ya pili haijaingia akasikia sauti, na ilikuwa yake.

"Hapakuwa na goti."

Vichwa vyote vikageuka. Saba akasimamisha saa.

Mama Saba akaona sasa maji ameshayavulia nguo. Akasema mwanawe hakuumia mguu hata siku moja, si wa kushoto si wa kulia. Goti alilitunga yeye, hapahapa, kwa sababu aliona aibu, na aliona aibu kwa sababu hakuelewa. Akasema safari za Alhamisi hazikuwa za kitambaa, zilikuwa za hospitali, na kitambaa kilikuwa cha kufunika. "Hayo magauni mliyovaa," akasema, "ni ya Alhamisi yote." Akaomba radhi kwa makopo ya dawa. Akasema kila kopo analo, hakutupa hata moja. Kisha akashika ukingo wa meza, akangoja wainuke waondoke.

Hakuna aliyeinuka. Bi Redio akajikohoza.

"Tunajua, shoga yangu," akasema.

Mama Saba akauliza wanajua nini.

"Goti. Tulijua siku ileile, hata chai yako haijapoa."

Ikawa zamu ya fundi viatu kueleza, na alieleza akitazama kofia yake. Siku ile Mama Saba alipozima televisheni, watu wangeenda wapi? Walivuka barabara wakajaa kwake, mbele ya televisheni yake. Wakayakuta mashindano yanaendelea. Na wote waliokuwa pale waliona kilichofuata: wale wasichana, wa kwanza hadi wa mwisho, walipomaliza kukimbia na kugaragara chini na kuinuka, walitembea mpaka kwenye mstari alipokuwa Saba. Wakamshika mikono, mmoja huku, mmoja huku. Kumbe ndivyo walivyozoea wale wa michezo saba, wakimaliza siku mbili huzunguka uwanja pamoja wameshikana mikono, mshindi na wa mwisho, na kuwainamia watu. Wakazunguka naye uwanja mzima.

"Mita mia nne," akasema fundi viatu, ambaye hesabu hazimpiti. "Hakuchechemea hata moja."

Mama Saba alimtazama mwanawe. Saba akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka na meno yote yako nje. Miaka minne walikuwa hawaizungumzii siku ile, na katika miaka minne Mama Saba alikuwa akiiona ileile picha moja aliyoizima, mtoto wake peke yake mbele ya dunia nzima.

"Na dawa?" akamuuliza Bi Redio. "Mlijua, na bado mkaleta dawa?"

"Sasa tungeingiaje?" Bi Redio akasema. "Mlango umeufunga, goti ndilo umeliacha wazi. Tukapitia kwenye goti."

Akaongeza kwamba yeye mwenyewe, miaka minne, hajamwambia mtu yeyote kuwa goti ni la uongo. Kicheko kilichozuka hapo kilitikisa vifuniko vya vyerehani, kwa sababu kila mtu chumbani alijua, na kila mtu aliambiwa na yeye.

Kicheko kilipokuwa kinaisha, kiti kimoja kikalia. Dereva wa lori alikuwa ameinuka. Aliinuka kwa wepesi, bila kushika kiuno, na mke wake aliyekaa pembeni aligeuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na la kusema.

"Mgongo wangu mzima," dereva akasema. "Nikiwasha lori, mikono inatetemeka. Sijui kwa nini." Akaitazama mikono yake. "Basi, ndiyo hivyo."

Akakaa. Saba hakumkimbilia wala hakumhubiria. Alisema ahsante, baba, na akamwambia yeye na nesi watakuwepo mpaka mwisho, hana haja ya kueleza mbele ya watu. Bi Redio aliuchukua mkono wa mumewe akauweka mapajani kwake, akaufunika kwa wa pili, akatazama mbele. Baada yake mama mmoja wa viti vya nyuma akasema presha yake inapanda Jumapili tu, siku ambayo nyumba huwa haina mtu, na mwingine akauliza kama na vidonda vya tumbo vimo kwenye orodha. Saa ya kupimia mbio ilikaa juu ya meza, imesahauliwa pale iliposimamishwa.

Walipoondoka jua lilikuwa bado kali. Dereva na nesi walikuwa kibarazani wanaongea, ama tuseme nesi alikuwa anangoja na dereva anajikusanya. Ndani walibaki watatu. Saba akatoa simu, akatafuta, akamkalisha mama yake kwenye kigoda na kumwekea mkononi. Bi Redio akabana bega upande wa pili, akaanza kutangaza: huyu mrefu ndiye aliyeshinda, huyu ana roho nzuri unamwona tu, sasa angalia, angalia, wanamfuata.

Mama Saba aliangalia. Wasichana wadogo wadogo ndani ya kioo, wamelowa jasho, wanatembea kwa mstari mmoja, na katikati yao mtoto wake, hatabasamu, lakini anatembea. Wakainama wote. Watu wakasimama uwanja mzima. Ilipofika mwisho akairudisha mwanzo, na Bi Redio akatangaza tena, akiongeza chumvi mahali palipopungua mara ya kwanza.

Mara ya nne Bi Redio mwenyewe akachoka, akainuka na kuguna, akajishika mguu.

"Sasa, shoga, yale makopo yangu sita," akasema. "Naomba mawili. Mimi langu ni goti la kweli."

Mama Saba akavuta droo ya chini ya meza ya kukatia. Makopo yalikuwemo yote, yamepangwa mistari miwili chini ya boksi la vifungo, mengine hayajafunguliwa. Akachukua mawili, akayafuta vumbi kwa aproni, lakini hakuyatoa mara moja.

"Lipi?" akauliza. "La kushoto au la kulia?"